Kabla Utume Pesa ya Pampu, Uliza Usukani ni Mzito Lini

Pampu ya trekta ya kwenu haijafa. Narudia kwa wale wamekaa nyuma: haijafa. Inaweza kuwa imechoka, inaweza kuwa iko sawa kabisa na inasingiziwa tu. Lakini ile simu ya Jumapili jioni, ile ya "tuma kitu, pawa steringi imekataa, fundi amesema ni pampu," usiijibu na M-Pesa. Ijibu na maswali.

Najua wengi wenu hamjawahi hata kupanda trekta. Mnajua kila kitu kuhusu Subaru, mlio wake mnautambua mkiwa usingizini, lakini mashine iliyolima mahindi ya ugali mliokula jana mnaiona kama kitu cha kupigia selfi mkienda ushago Krismasi. Sawa, hilo silipigii kelele leo. Ninachosema ni kwamba wewe uliye mjini ndiye benki ya familia, hata kama kazi yako ni kuuza viatu vya mtumba mtandaoni, na benki yenye akili huuliza maswali kabla ya kutoa mkopo.

Tena muda wa kuuliza huwa mfupi. Kule kwetu, upande wa Moi's Bridge, mahindi hupandwa Machi na Aprili, mvua ndefu zikianza. Mbegu za nyanda za juu kama H614 hazina haraka ya kukomaa, kwa hivyo wiki unayopoteza mwanzoni inakufuata mpaka mwisho wa msimu. Na trekta ya zamani kijijini si ya mtu mmoja. Ikilala, majirani wote waliokuwa kwenye foleni wanalala nayo. Ndiyo maana watu hushikwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hununua pampu.

Mjomba wangu ana Massey Ferguson 290. Trekta yenyewe imenizidi umri kwa mbali. Injini ni Perkins ya silinda nne, rangi ni nyekundu pale ambapo kutu haijafika. Msimu mmoja steringi ikawa nzito mpaka dereva anashuka jioni mabega yamevimba kama amebebeshwa simiti. Fundi akaja, akazungusha usukani mara mbili, akatingisha kichwa, akasema pampu. Hakufungua kitu. Hakuuliza kitu. Mjomba akauza ng'ombe wa maziwa, pampu ikatoka Eldoret, ikafungwa, oili mpya ikamwagwa, trekta ikawashwa. Usukani ulikuwa mzito vilevile, kama haujaambiwa kuna mgeni.

Tuache mjomba hapo kidogo, nieleze hii kitu inafanyaje kazi. Ukishaelewa, ni ngumu mtu kukuuzia mbuzi kwa gunia.

Trekta za umri huo huwa na moja kati ya mifumo miwili. Kuna ule wa kusaidiwa: usukani umeungana na magurudumu ya mbele kwa vyuma, na oili inakuja tu kuongeza nguvu. Pampu ikifa bado unapiga kona, ila kwa jasho. Halafu kuna ule wa oili pekee. Huko hakuna chuma kinachotoka kwa usukani mpaka mbele. Chini ya usukani kuna kifaa ambacho mafundi hukiita orbitroli. Ukizungusha usukani, hicho kifaa kinapima oili kulingana na vile umezungusha, kinaituma kwa silinda, na silinda ndiyo inasukuma magurudumu. 290 ya mjomba ni ya aina hii ya pili.

Kwa mifumo yote miwili safari ya oili inafanana. Inatoka kwa tenki, inapita kwa chujio, inaingia kwa pampu, inapita mpira wa presha mpaka kwa vali, inaenda kwa silinda, halafu inarudi nyumbani kwa tenki. Pampu inazungushwa na injini na kazi yake ni moja tu, kusukuma oili. Presha inakuja pale oili inakutana na kitu kinachokataa kusonga, yaani magurudumu yaliyozama kwenye udongo. Na kuna vali ya usalama inayoifungulia oili mlango wa nyuma presha ikipita kiwango, ndio mipira isipasuke.

Sasa angalia. Katika hiyo safari yote, fundi alichagua kituo kimoja, tena karibu kile cha bei ghali kuliko vyote, akakikamata bila uchunguzi. Ni kama vile polisi hukamata kijana wa kwanza mwenye rasta aliye karibu na tukio.

Swali la kwanza kwenye simu lisiwe "bei gani". Liwe "lini". Usukani unakuwa mzito lini?

Kama ni mzito injini ikinguruma chini, na unakuwa mwepesi dereva akipiga resi, basi oili inayofika haitoshi. Hapo, sawa, pampu ni mshukiwa halali. Lakini hata hapo ana wenzake. Chujio lililoziba huinyima pampu oili. Na kwa trekta ambazo pampu huzungushwa na mkanda, mkanda uliolegea huteleza na pampu inalaumiwa bure.

Kama asubuhi uko poa na ikifika saa nane mchana umekuwa mzito, fikiria joto. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na ikiwa nyepesi inapenya kwenye nafasi ndogondogo ambazo miaka imezila. Kuna kitu kimelika ndani. Inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa orbitroli, inaweza kuwa sili za silinda. Hujajua ni gani, lakini umejua pa kutafuta, na mpaka hapa hujatumia hata shilingi.

Kama ni mzito upande mmoja tu? Hii ndiyo huwa napenda. Pampu haijui kushoto wala kulia! Yenyewe inasukuma tu, anayeamua oili iende wapi ni vali. Kwa hivyo ukiambiwa "kulia iko sawa, kushoto inakataa, fundi anasema pampu," unaweza kukata simu ukiwa na amani moyoni. Hapo mtu aangalie silinda, vali yenyewe, na mpira wa huo upande. Mpira wa zamani unaweza kung'aa nje na huku ndani utando umebanduka ukaziba njia, na hakuna macho yataona hilo mpaka ufunguliwe.

Kama kuna mlio, ule wa mbu mkubwa, na oili kwenye tenki ina povu, hewa inaingia. Mara nyingi ni upande wa kunyonya: klipu imelegea, mpira una ufa, au oili imepungua tu na hakuna mtu aliangalia. Ziba penye tatizo, jaza oili, washa injini iwe chini, zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku ukiongeza oili inaposhuka, mpaka povu liishe. Pampu mpya ingelia vilevile kwenye hiyo hewa.

Na kama ni mzito saa zote, asubuhi na jioni, kushoto na kulia, resi juu na resi chini, bila mlio, bila povu? Inawezekana vali ya usalama imekwama ikiwa wazi, na hilo geji itasema. Lakini kabla ya geji, kuna uwezekano mkubwa kwamba oili haina makosa kabisa, na shida iko kwa vyuma.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ya mjomba. Aliyeigundua si fundi. Ni mzee jirani, ameendesha trekta za watu tangu mimi sijazaliwa, na alikuja tu kuuliza kama shamba lake litafikiwa wiki hiyo. Aliniuliza mimi, kwa sababu ndiye nilikuwa nimesimama karibu nikirekodi.

"Kijana, hii kitu inakuwa nzito saa gani?"

"Saa zote, mzee."

"Mkipiga resi?"

"Hakuna tofauti."

"Inalia?"

"Hapana."

"Sasa mlinunua pampu ya nini?"

Mjomba akaangalia mahindi ya jirani. Hiyo sehemu ya video aliniambia nifute, na nimeifuta, mjomba ni mjomba.

Mzee akaomba jeki. Magurudumu ya nyuma yakawekewa mawe, ekseli ya mbele ikainuliwa na kukalishwa kwenye magogo. Si kwenye jeki. Jeki ni ya kuinua, haijaahidi kukulinda ukiwa chini. Injini ikazimwa. Akafungua tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, na akaachilia silinda, ili kila gurudumu lijitegemee. La kulia alilisukuma kwa mkono mmoja likaenda kama mlango wa duka. La kushoto alilisukuma kwa mikono miwili na goti, likasonga kidogo likisaga.

Ilikuwa kingipini. Hicho ni chuma kinachosimama wima pale gurudumu la mbele linageukia, na kinaishi kwa grisi. Kale kachuchu ka kuingizia grisi upande wa kushoto kalikuwa kameziba kwa udongo mgumu kama tofali. Na sio ati hakuna mtu alikuwa anapiga grisi. Dereva alipiga kila wiki! Grisi ilikuwa inamwagika nje, anapangusa na kitambaa, anaenda zake akijua amemaliza kazi. Ndani kulikuwa na kutu na beringi iliyosagika. Ikanunuliwa bushi, beringi na kachuchu kapya, na mkia wa yule ng'ombe ungetosha kulipa hizo zote.

Ndiyo maana nasema anza chini, kwa vitu vya bei ya chini. Upepo wa tairi za mbele. Uzito uliofungwa mbele ambao hauhitajiki kwa kazi hiyo. Kingipini. Viungo vya tairodi. Shida ikiwa ni kinyume, yaani usukani umelegea na trekta inatangatanga barabarani kama mtu ametoka kilabuni, mtu mmoja atikise usukani na mwingine ainame aangalie kila kiungo, kile kinachocheza kabla ya kusukuma mwenzake ndicho hicho.

Halafu oili. Dereva akiwa bado kwa simu, mwambie afungue tenki na akuelezee anachoona. Rangi ya maziwa ni maji. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni joto na uzee. Na muulize kama inapungua. Akisema inapungua na chini ya trekta hakuna hata tone, usishangae, muulize swali ambalo litamfanya afikirie umesoma: oili ya injini imepanda? Kwenye trekta ambazo pampu imefungwa kwa injini na kuzungushwa na gia, sili ya shafti ya pampu ikichoka, oili ya steringi inavuja ndani kwa ndani, inaingia kwa injini. Unajaza tenki kila siku na huoni inaenda wapi, kumbe kijiti cha kupimia oili ya injini kinaonyesha imezidi alama. Hapo ni kweli tatizo liko kwa pampu, lakini sili ni kijiduara cha mpira. Mtu akitaka kukuuzia pampu nzima kwa sababu ya sili, muulize kwanza kama pampu yenyewe imelika au ni sili peke yake.

Kuhusu oili gani iwekwe, jibu liko kwa kitabu cha hiyo trekta, halipo TikTok, na mimi nikiwa mtu wa TikTok nawaambia hivyo. Modeli tofauti zinataka oili tofauti, na kuchanganya ovyo ni kujitafutia. Na kuna huu mchezo wa kumwaga mafuta ya breki kwenye tenki "ndio sili zifure zizibe." Tafadhali. Mafuta ya breki ni kitu kingine kabisa, na sili zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya haidroliki huharibika nayo. Unaziba leo, mwezi ujao kila kitu kinavuja.

Sasa tufike kwa geji, maana hapa ndipo ugomvi wangu uko.

Kuna njia ya kujua kama pampu imekufa, na si kukisia. Unafunga geji ya presha kwa kiungo cha njia tatu kati ya pampu na orbitroli. Unawasha injini, oili inapata joto la kazi, unazungusha usukani mpaka mwisho, unashikilia sekunde chache tu, unasoma. Usikae hapo, oili inachemka. Nambari unalinganisha na kitabu cha modeli hiyo. Ikifika, pampu iko sawa na vali ya usalama iko sawa, acha kuziongelea. Isipofika, bado usinunue kitu. Chomoa mipira ya silinda, ziba njia zake kwa vizibo vinavyostahimili presha, jaribu tena. Presha ikipanda sasa, oili ilikuwa inapotelea ndani ya silinda. Ikibaki chini, angalia kama vali ya usalama imeshikwa na uchafu, kwa sababu chembe moja ya takataka inaweza kuiacha wazi, na kuisafisha ni bei ya dizeli ya kuoshea. Onyo moja: usizibe njia ya pampu yenyewe kama hujui vali ya usalama iko wapi. Kwa mifumo mingine iko ndani ya pampu, kwa mingine iko mbele kwa orbitroli, na ukiziba kabla yake pampu haina pa kutolea presha. Utakuwa umeiua ile pampu uliyokuwa unataka kuokoa.

Hiyo yote ni kazi ya saa chache. Kwa nini basi yule fundi wa mjomba hakuifanya?

Ni rahisi kusema ni tapeli. Mimi sioni hivyo, na nimekaa na mafundi wa jua kali vya kutosha kuona inavyoenda. Fundi akipima nusu siku, akafungua vali, akatoa kachembe ka uchafu, akafunga, steringi ikawa laini, mwambie mwenye trekta "nipe elfu mbili" uone. "Elfu mbili ya nini? Si ulisafisha tu? Hujaweka hata kitu!" Lakini fundi huyohuyo akifunga pampu mpya kwa saa moja, analipwa bila maneno, kwa sababu kuna chuma kinang'aa na kuna risiti. Sisi hatulipi mtu kwa kufikiria. Tunalipa chuma. Kwa hivyo fundi amejifunza kuficha mshahara wake ndani ya chuma, na ili aupate lazima chuma kinunuliwe. Hatukumfundisha kwa maneno, tulimfundisha kwa pesa.

Na si trekta peke yake. Simu yako ikikataa kuchaji, unataka aliyefungua, akapima, akakuambia ni vumbi kwa tundu alipwe? Utamwambia asante, uende. Akikuambia ni betri, unatoa pesa. Baadaye unakuja mtandaoni kulia umechomwa.

Mimi naona dawa ni kutenganisha bei mbili. Kabla spana haijaguswa, mwambie fundi: kupima ni pesa ngapi, na nitakulipa hiyo hata ukikuta ni kachuchu ka grisi. Kutengeneza tutaongea baada ya kupima. Unionyeshe geji ikisoma, kama siko hapo nipigie video. Na kile kitu kizee kikitolewa kinabaki kwangu. Fundi mzuri akisikia hivyo anafurahi, nimeona, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu ananunua kile anachokijua. Fundi wa kukisia ataanza kusema ana kazi nyingine Kitale.

Najua kuna mtu atasema, "Bro, kwani si wauze hiyo scrapu wanunue mpya?" Kwa pesa gani? Trekta mpya ni bei ya ploti. Na hiyo unayoiita scrapu ina vipuri kila mji wenye wakulima, na kila kitu ndani yake kinafunguka kwa spana. Gari ya kisasa unaichomekea skana inakuambia inaumwa wapi. 290 haina pa kuchomeka, skana ni mtu anayejua kuuliza.

Ndiyo maana hili jambo linanichoma kama kijana, si kama mpwa tu. Kila siku napata jumbe: "Niliacha kampasi kama wewe, nifanye nini?" Siwezi kumwambia kila mtu arekodi video, soko litajaa tukose wote. Lakini fikiria mtu wa miaka 22 mwenye geji mbili, viungo vya kutosha, vizibo, jeki nzuri na pikipiki, anayetembea kutoka boma hadi boma Januari na Februari, kabla ya jembe kuingia shambani, akipima tu. Hauzi pampu. Hauzi chochote. Anaacha karatasi yenye nambari. Kama wenye trekta watano kwa chama kimoja wangechanga wanunue geji ya pamoja, hata huyo kijana angekuwa na mahali pa kuanzia. Sijaona mtu akifanya hivyo kwetu. Nimeona vijana watano wakisubiri abiria mmoja kwa stendi ya boda.

Na ukianza hiyo kazi, au ukiwa tu umeshika simu na dereva ako upande ule mwingine, kuna kitu kimoja usimruhusu afanye. Asitafute mahali mpira unavuja kwa kupitisha mkono. Oili yenye presha inayotoka kwa katundu kadogo kama ncha ya sindano inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama kuumwa na siafu, hakiumi sana mwanzoni, na ndani mkono unaharibika. Watu hukatwa vidole kwa hilo, wengine mkono. Atumie kipande cha katoni, avae miwani, na kabla ya kufungua mpira wowote azime injini na azungushe usukani huku na huku presha iishe. Ikimpata, ni hospitali saa hiyohiyo, si kesho, na amwambie daktari ni oili ya haidroliki, asiseme amejichoma na waya.

Ile pampu ya kwanza ya mjomba, iliyotolewa bila kosa, bado iko stoo, imefungwa kwa gunia la mbolea. Inafanya kazi vizuri kabisa. Kama kwenu kuna 290 na mna uhakika pampu ndiyo imeenda, mjomba anauza, na mtapatana bei. Ila anataka kuona nambari za geji kwanza.